Mkono wa dereva: kisa cha makumbusho ya tramu ya Crich na watu wa kujitolea wanaoziendesha

Tramu ya mwisho ya Glasgow, gari la abiria linalopita mitaani juu ya reli, iliingia karakana Septemba 1962. London ilikuwa imekwisha kuziondoa zake tangu Julai 1952, Leeds Novemba 1959, Sheffield Oktoba 1960. Mji uliobaki ukiendesha tramu za umeme bila kukatisha ni Blackpool, kule pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kijana wa miaka 21 aliyekuwa akiendesha tramu Glasgow mwaka ule leo amevuka 80, na wengi wa wenzake wameshatangulia mbele ya haki.

Sasa nenda Crich, kijiji cha Derbyshire katikati ya Uingereza. Ndani ya machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa kuna makumbusho ya taifa ya tramu, yenye tramu zaidi ya 60, ya kwanza ya 1873 na ya mwisho ya 1982. Kadhaa kati yake hupanga foleni na kubeba wageni siku za msimu. Chuma kipo, mbao zipo, rangi inang'aa. Anayezifanya ziende aghalabu ni mtu wa kujitolea: mwalimu mstaafu, fundi umeme, karani, mwanafunzi wa chuo. Hajawahi kuajiriwa na shirika la tramu, na aliyemfundisha naye hakuwahi.

Swali ninalolichambua ni hili: makumbusho yanampataje dereva wa kuaminika wa chombo ambacho mji uliokitumia umeshaacha kukifundisha? Msimamo wangu nautanguliza. Mafunzo ya watu hawa ni kazi ya hifadhi yenyewe, ya cheo kilekile na kuziba mbao zilizooza au kusuka upya nyaya za mota. Tramu iliyosimama inaweza kuhifadhiwa na fundi peke yake. Tramu inayotembea inahifadhiwa na mkono wa dereva, na mkono huo haukai kabatini.

Historia ya mahali penyewe nitaipitia kwa haraka, ingawa ni nzuri. Agosti 1948 kundi la wapenzi wa tramu lilikwenda Southampton kuziaga tramu za ghorofa zisizo na paa, likaishia kununua moja, namba 45 ya mwaka 1903, kwa paundi 10. Hawakuwa na pa kuiweka. Mwaka 1955 wakaunda chama, Tramway Museum Society, na 1959 wakapata Crich, baada ya kusikia habari za machimbo hayo kupitia watu wa kujitolea wa Talyllyn, reli ndogo ya Wales, waliokuwa wakichukua vyuma vya njia ya mawe iliyojengwa zamani na George Stephenson. Mwaka 1963 farasi alivuta tramu ya kwanza ya wageni, na 1964 umeme ukawaka. Wamarekani walikuwa wametangulia: makumbusho ya Seashore kule Maine yalianza 1939 kwa tramu moja iliyonunuliwa kwa dola 150, na leo yana vyombo zaidi ya 250. Nimeichagua Crich kwa sababu pale karibu kila jambo la mafunzo linaonekana kwenye njia fupi moja.

Njia hiyo ni ya takriban maili moja. Inaanzia Town End, inapita kwenye mtaa uliojengwa upya kwa majengo yaliyookolewa sehemu mbalimbali, inapenya chini ya daraja la Bowes-Lyon, inapita Victoria Park na Wakebridge, kisha inaishia Glory Mine, juu ya bonde la mto Derwent. Kuna mteremko, kuna kona, kuna sehemu za njia moja na za kupishana, na kuna wageni wanaotembea mtaani wakipiga picha bila kuangalia nyuma. Waya wa juu una volti 600 za umeme wa moja kwa moja, wa aina ile ya betri.

Tumchukue mwanafunzi mmoja wa kufikirika: mtu aliyeendesha basi miaka ishirini, leseni yake safi, hajawahi kugonga hata baiskeli. Kwa akili ya kawaida huyu ndiye ungemkimbilia. Mimi ningesema ndiye wa kufundishwa kwa uangalifu kuliko wote, na sababu iko mikononi na miguuni mwake.

Anapanda jukwaa la mbele. Hakuna usukani, maana reli ndiyo inayoamua njia. Mara nyingi hakuna kiti; dereva anasimama, na katika tramu za zamani upepo na mvua vinampiga usoni. Mbele yake kuna sanduku refu la chuma linalomfika kiunoni, lenye mipini miwili juu yake. Hiyo ndiyo kontrola. Mpini mdogo wa kulia unachagua mbele au nyuma. Mpini mkubwa wa kushoto ndio wa kazi, na unatembea kwa hatua: ukiusukuma unasikia kila hatua ikijifunga chini ya kiganja, kwa mgoto mdogo wa chuma.

Hatua ya kwanza inaruhusu umeme upite kwenye mota mbili zilizofuatana, moja baada ya nyingine, huku vikinza vya chuma chini ya sakafu vikipunguza nguvu. Hatua ya pili inaondoa kikinza kimoja, inayofuata kingine, mpaka mota zote mbili zinafanya kazi bila kizuizi. Ukiendelea, kontrola inazipanga upya mota hizo sambamba, kila moja ikipata volti kamili, na mchezo wa vikinza unaanza tena. Maana yake ni kwamba kati ya hatua zote hizo, ni mbili tu ambazo dereva anaruhusiwa kukaa: mwisho wa mfuatano na mwisho wa sambamba. Nyingine zote ni za kupita. Akikawia juu yake, vikinza vinapata moto, maana viliundwa kustahimili sekunde chache. Akiharakisha, mkondo unapanda kupita kiasi na swichi ya usalama iliyo juu ya kichwa chake inafyatuka kwa kishindo kinachomshtua kila aliyemo.

Muda wa kuongeza hatua haujaandikwa popote. Tramu nyingi za zamani hazimpi dereva kipimo cha mkondo cha kutazama. Anasikiliza. Mlio wa giya unapanda, mvuto unalegea chini ya nyayo, hapo anaongeza moja. Behewa lililojaa watu linachelewa kulegea, na behewa tupu linawahi. Kwenye mteremko wa kupanda anasubiri zaidi. Mkufunzi anaweza kusema "bado, bado, sasa" mara mia, lakini siku inafika mwanafunzi anaisikia "sasa" kabla haijatamkwa, na mkufunzi mwenye busara siku hiyo hunyamaza.

Kurudisha ni kinyume chake kabisa. Mpini haurudi hatua kwa hatua. Unarudi sifuri kwa mkupuo mmoja, ili cheche ndani ya sanduku isipate nafasi ya kula shaba. Dereva wa basi, aliyezoea kuondoa mguu kwenye mafuta kwa upole, hulazimika kujifunza ukali huu mdogo. Tena kuna vipande vya waya wa juu ambavyo ni lazima kuvipita bila kuvuta umeme, kama panapokutana sehemu mbili za waya, kwa hiyo anatakiwa kujua vilipo hata gizani.

Yote hayo ni nusu iliyo rahisi. Makumbusho hayana sababu ya kumwogopa mtu anayeshindwa kuondoka. Wa kuogopwa ni anayeshindwa kusimama.

Katika tramu nyingi za Uingereza mpini uleule wa kushoto, ukirudishwa kupita sifuri, unakata mota kutoka kwenye waya na kuzigeuza jenereta. Mwendo wa tramu wenyewe unazalisha umeme, umeme unamezwa na vikinza, na tramu inapungua mwendo. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi lazima alishike hadi aliseme usingizini ni kwamba breki hii haitegemei waya. Mti wa juu, ule mlingoti wa paani unaochukua umeme, ukiruka kutoka kwenye waya, taa zikazimika na kila kitu kikanyamaza, breki bado ipo. Mtu asiyejua hili, tramu ikizimika mteremkoni, hubaki ameduwaa kwa sekunde zile ambazo ndizo zenye thamani.

Jambo la pili ni kwamba breki hii hufifia tramu inapokaribia kusimama, kwa sababu mota inayozunguka polepole haizalishi kitu. Mita za mwisho ni za breki ya mkono, ambayo mkono wa kulia ulitakiwa uwe umeshaiandaa. Hii ni mpini wa shaba unaozungushwa. Chini ya sakafu mnyororo unajiviringa kwenye nguzo na kuzibana breki shuu kwenye magurudumu, na mguu unasukuma ulimi wa chuma uingie kwenye meno ili mnyororo usirudi. Mnyororo una ulegevu. Anayesubiri mpaka afike kituoni ndipo aanze kuzungusha atapita kituo akiwa bado anakusanya ulegevu. Dereva aliyefunzwa vizuri unaweza kumjua ukiwa umeketi ndani bila kumwona: unasikia meno yakilia taratibu kabla ya kituo, kisha tramu inasimama bila abiria kuyumba.

La tatu ndilo linalotenganisha watu. Chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi juu ya lami. Asubuhi yenye umande, matone ya kwanza ya mvua, majani ya vuli yaliyosagwa juu ya reli hadi yakaacha utando: siku hizo breki ikikazwa kupita kiasi, magurudumu yanajifunga na kuteleza. Gurudumu lililojifunga halizungushi mota, na mota isiyozunguka haizalishi umeme, kwa hiyo breki imetoweka huku zaidi ya tani kumi zikiteleza. Mwili wa binadamu wakati huo unaamuru jambo moja, kaza zaidi. Jibu sahihi ni kulegeza, kuyaacha magurudumu yazunguke, kumwaga mchanga, kisha kukamata upya. Hakuna mtu anayezaliwa na jibu hilo, na halipatikani kwa kulisoma. Linapatikana kwa kuteleza makusudi, tramu ikiwa tupu, njia ikiwa imefungwa, mkufunzi akiwa pembeni, na kurudia mpaka woga ugeuke utaratibu.

Sasa mrudie yule dereva wetu wa basi. Mazoea hujenga tabia, na tabia yake ya miaka ishirini inasema hatari ikitokea, mguu wa kulia chini. Mtoto anakatiza mtaani. Mguu wake unashuka, na pale sakafuni unakuta pedali kweli. Ni ya kengele, au ya mchanga. Kengele inalia vizuri sana na tramu inaendelea. Uzoefu wake wote wa barabara, subira yake, jicho lake la kumwona mtoto kabla hajakatiza, ni hazina. Ila mguu wake unahitaji kufundishwa upya, na kinachofanya kazi hiyo iwe ngumu ni kwamba yeye mwenyewe haamini kuwa anahitaji. Msichana wa miaka ishirini asiyejua kuendesha hata gari mara nyingi atafika haraka zaidi kwenye breki, kwa sababu hana cha kusahau. Lakini hatamfikia huyu mzee kwenye kusoma watu mtaani. Mpango wa mafunzo unaowapitisha wote wawili kwenye ratiba moja, kwa saa zilezile, unampunja kila mmoja.

Hii ndiyo sababu ninauheshimu utaratibu wa kawaida wa makumbusho ya tramu wa kumwanzisha mtu kwenye ukondakta. Watu wengine huuona kama foleni ya kusubiri, adhabu ya mgeni. Sivyo. Pale Crich mgeni akilipa kiingilio hupewa peni ya zamani, naye humpa kondakta na kupata tiketi. Mapokeo haya mazuri yanamlazimisha kondakta kumtazama kila abiria usoni. Anajifunza nani anapanda na mtoto mgongoni, nani anashuka kabla tramu haijasimama, kundi la wanafunzi linasogeaje. Anajifunza kengele: moja simama, mbili ondoka. Mwisho wa njia anageuza mti wa juu kwa kamba au kwa mwanzi mrefu, akiulenga ukae kwenye waya, na hapo anaelewa kwa macho yake kwa nini dereva hapaswi kupita maungio ya waya kwa kasi. Na kwa safari zote hizo anaimeza njia bila kujua kwamba anaimeza: kona inaanzia wapi, mteremko unakuwa mkali wapi, kivuli cha miti kinaficha unyevu wapi.

Kuijua njia si jambo la madaha. Tarehe 9 Novemba 2016, huko Croydon, kusini mwa London, tramu ya kisasa iliingia kona ya Sandilands gizani kwa mwendo wa takriban kilomita 73 kwa saa, mahali palipotakiwa 20. Ikaanguka ubavu, watu 7 wakafa. Tramu za makumbusho haziendeshwi kwa mwendo huo, lakini somo ni lilelile: tramu huendeshwa kwa macho, na dereva anayepoteza hesabu ya mahali alipo amepoteza kila kitu. Kanuni za Uingereza za usalama wa reli za 2006 zinaihesabu kazi ya kuendesha kuwa kazi nyeti kwa usalama, na zinataja waziwazi kazi ya kujitolea pamoja na ya kulipwa. Anayeifanya awe amepimwa ujuzi, awe na afya inayofaa, na kumbukumbu zitunzwe. Kutolipwa mshahara hakumpunguzii mtu wajibu huo hata chembe, na naona ni haki. Abiria hajui nani analipwa.

Niseme sasa kuhusu wanaofundisha, maana hapa ndipo kisa kinaponipa wasiwasi zaidi.

Mwaka 1964 hapakuwa na shida. Tramu za Sheffield, mji ulio karibu tu na Crich, zilikuwa zimekoma miaka minne kabla, za Glasgow miwili. Watu waliokuwa na ujuzi huo mikononi walikuwepo nchini kwa maelfu. Leo mkufunzi amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Tramu zimerudi mijini, Manchester 1992, Sheffield 1994, Nottingham 2004, lakini ujuzi ule haukurudi nazo. Dereva wa tramu ya kisasa anashika kitasa kimoja na kompyuta inagawa nguvu kwenye mota. Ukimtoa Nottingham ukampandisha kwenye namba 45 ya Southampton, anaanza karibu na sifuri.

Ujuzi unaopita mkono kwa mkono hubadilika njiani bila mtu kukusudia. Mkufunzi mmoja ana tabia ya kuandaa breki mapema mno, na wanafunzi wake wote wanaandaa mapema mno. Mwingine anapenda kupita haraka kwenye hatua za kwanza kwa sababu tramu aliyojifunzia ilikuwa nyepesi. Baada ya vizazi vitatu una shule mbili ndani ya makumbusho moja, kila moja ikiapa kwamba ndivyo walivyofanya Sheffield. Vitabu vya kanuni vya mashirika ya miji vimehifadhiwa, na vinasaidia kwenye sheria: nani atangulie, taa ipi, kengele ngapi. Kwenye mkono havisemi kitu. Kitabu kitaandika "ongeza hatua taratibu", na taratibu ya nani?

Dawa yake kwa maoni yangu ina sehemu mbili. Kwanza, anayempima mwanafunzi asiwe yule aliyemfundisha. Mkufunzi ameshaizoea kasoro ya mwanafunzi wake, maana mara nyingi ni kasoro yake mwenyewe. Jicho la mwingine huiona mara moja. Pili, wakufunzi wenyewe wapandishane. Mara kwa mara kila mmoja aendeshe huku wenzake wakimtazama, watofautiane hapohapo kwenye jukwaa, waafikiane, na walichoafikiana kiandikwe kwa kila tramu peke yake.

Kwa kila tramu, nasisitiza. Neno "tramu" linaficha tofauti kubwa. Ile namba 45 ina umri wa zaidi ya karne na dereva wake anasimama wazi. Namba 166 ya Blackpool, ya 1927, haina kuta wala paa, viti vyake vimepangwa safu kwa safu, na kondakta hutembea kwenye ubao wa nje. Namba 60 ilitengenezwa Uingereza, ikafanya kazi Johannesburg, kisha ikarudi. Za Glasgow za kizazi cha baadaye zina breki ya hewa, ambayo inamtaka dereva kuhesabu hewa aliyotumia. Kuna ya Berlin iliyorekebishwa ili wageni wenye viti vya magurudumu wapande, na kondakta wake ana kazi nyingine kabisa ya kujifunza. Mtu aliyefaulu moja hajafaulu zote. Cheti kinachosema tu "dereva wa tramu" hakisemi lolote la maana; kiseme ni ya aina gani.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kwetu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, yana injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, moja ya injini 34 za aina ya Garratt za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Imewahi kufufuliwa ikatembea. Lakini madereva na wachochea moto waliozipandisha injini zile kutoka Mombasa hadi Nairobi ni wazee sana sasa, na walichokuwa wakikijua kuhusu maji, moto na milima hakikuandikwa kwenye kibati cha jina. Mombasa yenyewe mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na troli zilizosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Picha zake tunazo. Namna wasukumaji walivyoizuia troli iliyojaa kwenye mteremko haimo ndani ya picha.

Turudi Crich, kwenye tatizo ambalo naliona kubwa kuliko la mafunzo ya awali. Dereva wa Sheffield wa 1950 aliamka kila siku ya kazi akashika mpini uleule. Mikono yake haikupewa nafasi ya kusahau. Mtu wa kujitolea ana kazi yake, ana watoto, anakaa mbali, na makumbusho hufungwa majira ya baridi. Anaweza kuendesha siku chache tu katika mwaka, tena juu ya tramu tofauti kila anapokuja. Alifaulu mtihani vizuri, hakuna ubishi. Swali ni yuko wapi sasa, mwezi wa tano tangu alipogusa kontrola mara ya mwisho.

Hapa uongozi wa makumbusho yoyote hubanwa pande mbili. Ukiweka kiwango cha chini cha siku za kuendesha kwa msimu, utawapoteza watu wazuri ambao maisha hayawaruhusu. Usipoweka, una majina mengi kwenye orodha na mikono michache iliyo tayari. Mimi ningekaza: asiyetimiza siku zake arudi kama kondakta mpaka apande tena na mkufunzi, na ieleweke tangu mwanzo kuwa hiyo si aibu. Pia ningempunguzia mtu idadi ya aina za tramu. Afadhali anayeendesha aina mbili kwa mikono yenye uhakika kuliko anayejivunia kumi na kuzibabaisha zote. Najua wapenzi wa tramu hawapendi kusikia hili. Wengi wao wamekuja kwa sababu ya kumi hizo.

Na kuna kumwambia mtu hapana. Aliyeajiriwa akishindwa, meneja anamhamisha. Wa kujitolea ametoa Jumamosi zake, amelipa nauli yake mwenyewe, pengine amebeba ndoto hii tangu utotoni alipoiona tramu ya mwisho ikipita na babu yake. Unamwambiaje mzee wa watu kwamba macho yake hayamruhusu tena, au kwamba baada ya msimu mzima bado anakaza breki gurudumu linapoteleza? Nimeona katika vikundi vya kujitolea vya kila aina jinsi jambo hili linavyoahirishwa: tumpe muda, mwaka ujao, ana moyo sana. Moyo anao kweli. Kumwacha aendelee kwa sababu ya moyo wake ni kumkosea yeye kwanza, maana siku ya ajali yeye ndiye atakayeibeba maisha yake yote. Asemwe mapema, faraghani, na mtu anayemheshimu, tena akiwa ameshaandaliwa kazi ya kweli: kusimamia njia za kupishana, kuwapokea wanafunzi wapya, kushika karakana, kurekodi anayoyakumbuka. Kazi hizo makumbusho yanazihitaji sawasawa na udereva. Ila zikitajwa siku ya kukataliwa tu, kila mtu ataziona ni kapu la walioshindwa.

Wanawake wana nafasi yao katika hesabu hii, na wasisahauliwe. Glasgow iliwakabidhi wanawake kontrola wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati miji mingi ilikuwa bado inawaruhusu ukondakta tu. Makumbusho yanayotafuta madereva wapya miongoni mwa wazee wanaume waliokuwa wakikusanya picha za tramu yanavua kwenye dimbwi linalokauka.

Liko pendekezo moja ambalo ningelipeleka mezani kwa wanaosimamia mafunzo ya aina hii. Mitihani ya udereva kwa kawaida huja pale mwanafunzi anapokuwa tayari, na mwanafunzi aliyeanza mapema msimu huwa tayari kiangazi, reli zikiwa kavu na siku ndefu. Anafaulu kihalali. Kisha Oktoba inafika, majani yanaanguka, naye anapanda peke yake kwenye reli ambayo hajawahi kuiona ikiwa hivyo. Ningeigawa ruhusa mara mbili. Ya kwanza itolewe kiangazi, na imruhusu kuendesha reli ikiwa kavu. Ya pili itolewe baada ya vuli moja nzima, asubuhi zenye umande na majani, mkufunzi akiwa kwenye jukwaa hilohilo, mkono wake ukiwa karibu na breki ya mkono, na tramu ya kwanza ya siku ikiteremka kutoka Glory Mine bila abiria.